Siku Kumi Zilizofutwa

Katika nyumba nyingi za Bujumbura, ziwe za kambini au za mitaani, ukutani sebuleni hutundikwa kalenda. Nyingine ina picha ya benki, nyingine ya mtakatifu, nyingine ya msikiti wa Maka. Mama hutia alama ya kalamu siku ya kulipa ada ya shule. Baba akiwa kazini mbali, watoto huhesabu majuma mpaka siku ya kurudi kwake. Twaiamini karatasi hiyo kama tunavyoamini kwamba jua litachomoza. Leo nataka tuzungumze habari za mwaka mmoja ambao karatasi hiyo ilikatwa siku kumi nzima, watu wazima wakalala Alhamisi tarehe 4 na kuamka Ijumaa tarehe 15.

Aliyenikumbusha jambo hili ni mzee mmoja, askari polisi mstaafu, aliyefika mbele ya meza yangu mwaka jana amevaa koti lililopigwa pasi na viatu ving'aavyo kama vya gwaride. Alileta bahasha yenye karatasi zake za kazi. Katika fomu ya zamani, kwenye mstari wa kuzaliwa, palikuwa pameandikwa 1 Januari 1966.

"Mwanangu," akaniambia, "tarehe hii si yangu."

Alinieleza kwamba mama yake, ambaye hakujua kusoma, alimsimulia mara nyingi jinsi alivyomzaa katika mwezi wa Kigarama, wakati wa kupanda mtama, majuma machache baada ya watu kutangaziwa kwamba ufalme umekwisha. Mimi nilisomea ualimu kabla ya kuingia katika kazi ya ofisi, na tarehe za nchi yetu nilizifundisha darasani. Jamhuri ilitangazwa tarehe 28 Novemba 1966. Mtoto aliyezaliwa baada ya tangazo hilo hawezi kuwa alizaliwa Januari ya mwaka ule ule. Nilijua pia kosa lilivyoingia. Kijana alipokwenda kuandikishwa aliulizwa mwaka akautaja. Siku na mwezi hakuulizwa vizuri, na karani akajaza 1 Januari, kama walivyofanya makarani wengi wa sehemu zetu hizi. Ukitazama vitambulisho vya wazee wetu, utadhani nusu yao walizaliwa asubuhi ya mwaka mpya.

Kwa vijana hilo ni jambo la kuchekesha. Kwa mzee huyu lilikuwa mshahara. Alistaafishwa kabla ya wakati wake kwa zaidi ya miezi kumi na moja, na katika miezi hiyo mtoto wake wa mwisho aliacha shule. "Nani amekula miezi yangu?" akauliza. Sikuwa na jibu. Nikamwambia tu kwamba zamani huko Ulaya ziliwahi kuliwa siku kumi za watu wote kwa pamoja. Akavuta kiti, akataka kujua zilikwenda wapi.

Kalenda tunayoitumia maofisini ilianzia Roma, wakati wa Julius Caesar, mwaka wa 45 kabla ya Kristo. Wataalamu wake walikadiria kwamba mwaka wa jua una siku 365 na robo, wakaweka siku moja ya ziada kila baada ya miaka mitatu ya kawaida. Hesabu hiyo ilikaribia ukweli sana, lakini haikuufikia. Mwaka wa jua una siku 365, saa 5 na dakika 48 na kidogo. Robo kamili ya siku ni saa 6. Basi Caesar alizidisha dakika kama kumi na moja kila mwaka.

Dakika kumi na moja ni nini? Hata uji haujaiva. Lakini deni dogo la dukani lisilolipwa hukua, na dakika hizo zikijumlishwa hufanya siku nzima katika muda wa miaka 128 hivi. Mwaka 325 maaskofu wa Kikristo walikutana Nikea, na kanuni ya Pasaka iliyotokana na mashauri ya zama zile ni kwamba sikukuu hiyo iwe Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaoangukia tarehe 21 Machi au baada yake. Tarehe 21 Machi ilichaguliwa kwa sababu ndiyo iliyohesabiwa kuwa siku ambayo mchana na usiku hulingana. Ilipofika karne ya 16, siku hiyo ya kulingana ilikuwa imekwisha kurudi nyuma mpaka tarehe 11 Machi. Mbingu zilisema jambo moja na kitabu cha kanisa kikasema jingine. Kwa watu walioamini kwamba kufunga na kufungua kuna siku yake mbele ya Mungu, hili halikuwa jambo la wanahesabu peke yao.

Nao walikuwa katika zama zenye misukosuko. Mwaka 1517 Martin Luther alikuwa ameanzisha mabishano yaliyolipasua kanisa la magharibi. Mwaka 1543 Nicolaus Copernicus, ambaye naye alikuwa mtumishi wa kanisa huko Poland, alitoa kitabu kinachosema kwamba dunia ndiyo inayolizunguka jua. Kitabu hicho alimtolea Papa Paulo wa 3, na katika maneno yake ya mwanzo aligusia suala la kalenda, kwamba urefu wa mwaka na wa mwezi ulikuwa bado haujapimwa ipasavyo. Kwa hiyo aliyesogeza dunia kutoka katikati na waliotaka kurekebisha Pasaka walikuwa wakitazama jua lile lile kwa haja moja.

Aliyebuni marekebisho yenyewe alikuwa tabibu wa kusini mwa Italia, Luigi Lilio. Alifariki mwaka 1576 kabla ya kuona kazi yake ikikubaliwa, na ndugu yake ndiye aliyeipeleka Roma. Huko ilichambuliwa na tume, na mtetezi wake mkubwa akawa Christoph Clavius, padri Mjesuiti kutoka Ujerumani aliyefundisha hisabati. Tarehe 24 Februari 1582 Papa Gregori wa 13 alitia saini amri. Alhamisi tarehe 4 Oktoba ingefuatwa na Ijumaa tarehe 15 Oktoba. Tena, miaka inayofunga karne isiwe na tarehe 29 Februari, isipokuwa ile inayogawanyika kwa 400. Ndiyo maana mwaka 1900 haukuwa na siku hiyo na mwaka 2000 ulikuwa nayo. Kosa lililobaki halifiki siku moja katika miaka 3000, nalo tutawaachia wajukuu.

Jambo linalonivutia kuliko yote ni namna walivyopima. Hawakuwa na darubini. Galileo Galilei alianza kuielekeza darubini yake mbinguni mwaka 1609. Walitumia tundu. Ignazio Danti, padri mwingine mwanahisabati, alichora mstari sakafuni katika mnara mmoja wa Vatikano, na mwanga wa jua ulioingia kwa tundu la ukutani ukaonyesha jinsi kalenda ilivyoachana na jua. Baadaye, mwaka 1655, Giovanni Domenico Cassini alichora mstari mrefu wa namna hiyo katika kanisa la San Petronio mjini Bologna, na mpaka leo upo. Waumini walisali, na juu ya sakafu ile ile doa la jua likapita kimya kila adhuhuri likipima mwaka.

Mama mwenye nyumba ya bati anajua doa hilo. Msumari ukilegea, tundu linabaki, na mchana duara dogo la mwanga hutembea sakafuni mpaka watoto wakalikanyaga wakitaka kulishika. Kabla hujamwita fundi wa kuliziba, waache watoto wachore kwa chaki mahali doa lilipo saa sita mchana, mara moja kila juma. Wataona doa likihama. Hapa Bujumbura jua hutupita juu ya kichwa mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 12 Machi na tarehe 1 Oktoba. Siku hizo za adhuhuri doa litakuwa karibu sana na chini ya tundu lenyewe. Kati ya Machi na Oktoba litaangukia upande wa kusini, na miezi mingine upande wa kaskazini. Mtoto akiweka alama hizo mwaka mzima atakuwa na kalenda yake mwenyewe, wala hataihitaji ile ya benki. Nilipokuwa mwanafunzi wa ualimu tulifundishwa haya kwa mpira na kandili, na siku ile ile tukasahau. Doa la sakafuni halisahauliki.

Turudi Oktoba ile. Hispania, Ureno, Poland na sehemu kubwa ya Italia zilitii kwa tarehe iliyopangwa. Ufaransa ikafuata Desemba. Waprotestanti walikataa. Wanahisabati wao wengi walijua kwamba hesabu ni nzuri, lakini iliandikwa na mkono wasioutaka. Katika mji wa Augsburg, walikoishi Wakatoliki na Walutheri pamoja, ugomvi wa kalenda uliendelea mpaka mwaka 1584, wakuu wa mji walipojaribu kumfukuza kiongozi wa Walutheri na watu wakatoka na silaha barabarani. Nawafikiria askari wa mji ule, waliotumwa kutuliza watu wasioafikiana leo ni tarehe ngapi. Majimbo ya Kiprotestanti ya Ujerumani yalikubali mwaka 1700. Uingereza ilikaidi mpaka 1752, na kwa kuchelewa ikalazimika kufuta siku kumi na moja. Mwaka wao wa kodi huanza tarehe 6 Aprili mpaka hivi leo kwa sababu ya mkato ule. Urusi ilingoja mpaka 1918. Makanisa mengi ya Orthodoksi bado hufuata hesabu ya zamani kwa Pasaka, ndiyo maana mwaka 2024 Wakatoliki wa hapa walisherehekea tarehe 31 Machi na Waorthodoksi tarehe 5 Mei.

Mzee alinikatiza hapa. Dini hazikumshughulisha, aliuliza habari ya madeni. Mtu aliyepanga nyumba alilipa kodi ya mwezi mzima wenye siku ishirini na moja? Ni swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa darasani. Jibu ni kwamba amri ya Papa ililifikiria. Iliagiza kwamba, ili mtu yeyote asipate hasara kwa siku zilizoondolewa, mahakimu katika mashauri ya malipo ya mwaka au ya mwezi waongeze siku kumi kwenye muda wa kulipa. Mzee akanyamaza kidogo. "Basi wao," akasema, "walipofuta siku za watu, waliandika pia namna ya kuwarudishia."

Msidhani kwamba dini iligongana na elimu ya nyota, au ikaishika mkono, katika Ulaya pekee. Miaka ile ile, mjini Istanbul, mwanachuoni Taqi al-Din alimshawishi Sultani Murad wa 3 amjengee nyumba ya kutazamia nyota. Ilianza kazi mwaka 1577, ikiwa na vyombo vilivyoweza kulinganishwa na vya mahali popote duniani. Mwaka huo huo nyota yenye mkia ilionekana angani, Taqi al-Din akabashiri heri, lakini mambo hayakwenda alivyosema. Kiongozi mkuu wa sheria ya dini alimshauri sultani kwamba kuchungulia siri za mbingu huleta balaa, na Januari 1580 jengo likabomolewa. Wapo wasemao kwamba ugomvi wa watu wa ikulu ulichangia kuliko dini, nami naelekea kukubaliana nao. Lakini Uislamu wenyewe ulikuwa umelea elimu hiyo kwa karne nyingi, kwa kuwa mwenye kusali huhitaji saa na kibla, na mwenye kufunga huhitaji mwezi. Ulugh Beg wa Samarkand alikuwa amekadiria urefu wa mwaka wa jua kwa tofauti isiyofika dakika moja, zaidi ya miaka mia moja kabla ya Lilio.

Upande wa Roma nao haukuwa mweupe. Kanisa lililotumia sakafu zake kupima jua ndilo lililokizuia kitabu cha Copernicus mwaka 1616 mpaka kirekebishwe, na mwaka 1633 likamlazimisha Galileo, mzee wa karibu miaka sabini, apige magoti na kukana kwamba dunia inazunguka. Clavius mwenyewe hakukubali kamwe kwamba dunia inakwenda. Kalenda yake haikuhitaji neno hilo. Ilihitaji doa la jua na subira. Mwaka 1992 Papa Yohane Paulo wa 2 alikiri hadharani kwamba Galileo alitendewa makosa.

Kalenda mpya haikukawia kufika pwani yetu ya Afrika Mashariki, kwa sababu Wareno walikuwa wa kwanza kutii. Walipoanza kujenga Ngome ya Yesu mjini Mombasa mwaka 1593, waliandika tarehe za Gregori wakati Waingereza hawajazikubali. Waswahili waliowakuta hawakuwa watu wasio na hesabu. Walikuwa na mwaka wa mwezi, wenye siku 354 au 355, kwa saumu na Idi. Kando yake walikuwa na mwaka wa jua unaoanza siku ya Nairuzi, wenye siku 365 zilizogawanywa katika miongo ya siku kumi kumi, kwa ajili ya mkulima na nahodha, kwa maana pepo za kaskazi na kusi hazifuati mwezi. Sherehe ya Mwaka Kogwa inayofanyika Makunduchi, Zanzibar, kila Julai ni ukumbusho wa hesabu hiyo. Mtu mmoja alifunga kwa kalenda moja, akapanda kwa nyingine, na forodhani akaandikiwa ya tatu, wala hakuona kwamba amekuwa watu watatu.

Kwetu Burundi mabadiliko hayo yalikuja karne tatu baadaye, na yakaenda mbio zaidi. Warundi walihesabu miezi kwa mwezi wa angani, na majina yake twayatumia bado: Nzero, Ruhuhuma, Ntwarante, mpaka Kigarama. Kila mwaka, karibu na Desemba, walinzi wa siri za mwami walitazama mwezi, na umuganuro ukafanyika ikulu: mwami alionja mtama, ngoma takatifu Karyenda ikahusika, na nchi ikaruhusiwa kupanda. Hapo dini, elimu ya anga na serikali vilikuwa kitu kimoja. Mapadri Weupe walifungua misheni ya Muyaga mwaka 1898 na ya Mugera mwaka 1899, wakaja na kengele, juma la siku saba na kalenda ya Gregori. Kufikia mwisho wa miaka ya 1920, kwa msukumo wa misheni na wa utawala wa Kibelgiji, umuganuro ulikomeshwa. Hakuna amri iliyosema siku ngapi zimefutwa. Majina ya miezi yalibaki, yakavalishwa miezi ya Papa Gregori: leo Kigarama ni Desemba tu, hata mwezi wa angani ukiwa umekufa katikati yake.

Hata hivyo, hesabu za zamani hazijatutoka. Wavuvi wa ndagala katika Ziwa Tanganyika huwasha taa zao usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu hupumzika, kwa kuwa samaki hawaijali taa. Mama wa sokoni hujua umri wa mwezi kwa bei ya ndagala bila kutazama juu. Jirani zetu wa Buyenzi hungojea mwandamo kwa Ramadhani. Askari kambini huandika saa 14:00, akifika nyumbani husema saa nane, na anapowasalimu watoto shuleni huambiwa kwa Kifaransa kuwa ni saa mbili. Askari wetu waliotumwa Somalia kuanzia mwaka 2007, wale waliopitia Addis Ababa, watakumbuka kwamba Waethiopia wana miezi kumi na mitatu na walikuwa wameingia mwaka wa 2000 miezi michache tu kabla, mwezi Septemba mwaka huo huo.

Yule mzee nilimuuliza kama alibatizwa. Alibatizwa akiwa mchanga. Nikamshauri apande kilimani kwao, aombe nakala ya kitabu cha ubatizo cha parokia. Alirudi baada ya majuma mawili. Padri wa zamani, kwa mwandiko mwembamba wa kalamu ya wino, alikuwa ameandika jina la mama, jina la kilima, siku ya kubatizwa na, pembeni, siku ya kuzaliwa: katikati ya Desemba 1966. Mama asiyejua kusoma na padri aliyejua Kilatini walikuwa wamesema neno moja.

Tuliambatanisha nakala hiyo na ombi lake kwa mahakama, kwani ofisi peke yake haiwezi kubadilisha tarehe iliyoandikwa. Mpaka ninapoandika haya jibu halijafika. Nilipogonga muhuri wa kupokelea, mzee aliinama juu ya meza akaniomba nimsomee tarehe iliyomo. Ilikuwa Gitugutu. Akainua mkono, akahesabu kwa vidole mpaka Kigarama.